Yah: Kuomba Radhi

Kumb. Na.: sina. Barua hii haina faili.
Kwako Bi. Nkwimba Luhende,
Usafi, ghorofa ya tatu hadi chini,
kupitia ngazi, maana lifti umekatazwa wewe na ndoo yako,
na aliyeandika katazo ni mimi.

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumanne, saa mbili kasorobo asubuhi,
nilipita mbele yako na simu sikioni.
Simu haikuwa na mtu.
Chaji iliisha tangu Igoma,
nami nikawa naiambia, "Ndiyo, ndiyo, nimekupata,"
kwa sababu wageni wa makao makuu
walikuwa hatua nne nyuma yangu
na nilitaka wanione mtu mwenye shughuli.

Ulisema, "Mwangaluka."
Ulikuwa umeinama, ukizoa wale wadudu wa ziwani
waliokufa usiku chini ya taa,
ndoo nzima, weusi kama majani ya chai.
Ukainuka nusu, mkono kiunoni,
ukasema tena, polepole,
kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba
anayojua ina watu ndani.

Viatu vyangu viliacha alama kwenye sakafu yenye maji.
Kumi na moja. Nilizihesabu wakati wa kurudi.
Ulikuwa hujazifuta.

Mimi ndiye mwandishi wa Mwongozo wa Mwonekano na Mawasiliano,
kurasa kumi na nne, umebandikwa ubaoni:
shati lichomekwe, kucha zikatwe,
barua pepe ijibiwe kabla ya siku kuisha,
mteja atazamwe machoni.
Kifungu cha sita kinahusu salamu.
Nimekisoma tena leo: "iwe fupi, yenye staha."
Fupi niliiweza.

Kwetu Magu salamu haina haraka.
Unataja ukoo, unauliza ng'ombe, unauliza mvua,
hata aliyekuja kudai deni
hungoja salamu iishe ndipo adai.
Nilipokuja mjini nilijifunza kufunga tai kwa kutazama video,
nikaikaza vizuri mno:
shingo haigeuki tena pembeni.

Wageni waliondoka Ijumaa.
Kwenye kitabu chao waliandika, "Ofisi inang'aa."
Mkurugenzi akanipa mkono mimi,
wewe ukiwa umeshuka mawe ya Mabatini gizani
ili ing'ae.
Nikaupokea ule mkono. Nikatabasamu.
Hili nalo liingie, aya ya pili ya makosa.

Tangu hapo unanisalimia kwa Kiswahili.
"Habari za asubuhi, afisa."
Fupi. Yenye staha.
Kifungu cha sita, neno kwa neno,
na sijawahi kuumizwa hivi
na mtu aliyefuata kanuni.

Rasimu hii ni ya nne.
Ya kwanza ilisema "kwa usumbufu uliojitokeza,"
kana kwamba usumbufu ulitoka ziwani wenyewe,
ukapanda na upepo, ukaingia dirishani.
Ya pili ilikuwa na nakala kwa Meneja.
Ya tatu nilikuita "mtumishi tajwa."
Nimefanya kazi ya maneno miaka tisa, mama,
na lako moja tu, ulilonipa bure asubuhi,
nimeshindwa kulijibu.

Kesho nitafika saa kumi na mbili na nusu,
simu iko mfukoni, imezimwa.
Sakafu ikiwa mbichi nitasimama pale mlangoni
mpaka ikauke.
Ukiniuliza ng'ombe, nitakuambia walikufa ukame ule.
Ukiniuliza mvua, tutaitazama wote kule Kamanga.

Na barua hii ukiikuta kwenye pipa langu la karatasi,
ama nimeyasema kwa mdomo,
ama nimeogopa.
Utajua ni lipi.

Wako katika ujenzi wa taifa
(hapana, hiyo nimeikata),

Ng'wana Shigela,
yule wa simu.